DIN ama yoki? Regulata ya kununua kama unaishi Nairobi na mbizi unapiga Pwani

Kila kozi ya mbizi ikiisha na watu wakipanda SGR kurudi Nairobi na cheti chao kipya, swali huwa ni lilelile. Nataka regulata yangu mwenyewe (kile kifaa cha kupumulia hewa ya mtungi), nimeona moja mtandaoni iko na bei poa, lakini hii wameandika INT, yaani yoki, na ile ingine wameandika DIN, namna mbili za kuifunga kwa mtungi, sasa nichukue gani? Majibu nayo huwa ni vita. Mmoja anasema DIN ndio ya watu wanaojua wanachofanya, mwingine anasema yoki iko kila mahali usijisumbue, alafu anatokea wa tatu anasema nunua yoyote bana, adapta ziko. Wote watatu wana ukweli kidogo, ndio maana hiyo stori haiishi.

Kwa wenye haraka: kama unanunua mpya na unajua huu mchezo hutauacha, chukua DIN ya bar 300 (bar ni kipimo cha presha) na ununue adapta ya yoki siku hiyohiyo. Kama unashuka Diani ama Watamu mara mojamoja wakati wa likizo na kuingia ndani ya meli iliyozama hakujakupita hata kwa ndoto, yoki inakutosha kabisa na usikubali mtu akuite mshamba. Zingine zote ziko chini ya hizo mbili, na ya mwisho kabisa usiiguse hata ukipewa bure.

Sasa tuingie ndani.

Kinachofungwa ni nini

Regulata iko na sehemu mbili. Stej ya kwanza ndio ile chuma inayokaa kwa mtungi, inapokea hewa ikiwa na presha ya bar 200 hivi na kuishusha mpaka kama bar 9 au 10 juu ya presha ya maji yanayokuzunguka. Stej ya pili ndio ile unauma mdomoni, inamalizia kazi. Hii habari ya DIN na yoki inahusu pale tu stej ya kwanza inapokutana na vali ya mtungi, basi, si pengine. Modeli ileile inauzwa na mdomo wa yoki au mdomo wa DIN, na ukiwa chini huwezi kusikia tofauti yoyote kwenye pumzi. Kwa hivyo mtu akikuambia DIN inapumua laini kuliko yoki, jua yuko kazini anauza.

Yoki iko na fremu ya chuma inayozunguka vali, nyuma yake kuna skrubu kubwa yenye kishikio, unaikaza mpaka stej ya kwanza inabanwa kwa uso wa vali. Wengine wanaiita klampu ya A. DIN haina fremu, iko na thredi zake yenyewe, unazungusha inaingia ndani ya vali. Jina ni la shirika la viwango la Ujerumani, Deutsches Institut für Normung, na saizi ya thredi ni G5/8. Mtu wa Nairobi haya mambo hayawezi kumshangaza, si tumezoea regulata ya mtungi wa gesi ya kilo 6 haikai kwa mtungi wa kilo 13 hata ukiisukuma na goti.

Oringi ni ya nani

Hapa ndio penye maneno, na ndio hapa watu hupita mbio wakikimbilia habari za presha.

Kinachozuia hewa isitoroke kati ya vali na regulata ni oringi moja ndogo ya mpira. Kwa yoki, hiyo oringi inakaa kwenye uso wa vali, yaani ni mali ya mtungi, yaani ni ya kituo kinachokukodisha mtungi. Kwa DIN inakaa kwenye ncha ya regulata, yaani ni yako, uliinunua wewe, unaijua umri wake, unaibadilisha ukitaka. Tena ya DIN ikishaingia ndani ya vali imefungiwa pande zote, haina mahali pa kukimbilia. Ya yoki imeshikwa na ule mbano tu, na mtungi ukigongwa upande kwa boti, ama fremu ikikaa shingo upande kidogo wakati wa kukaza, oringi inaweza kuchungulia nje na hapo hewa inaanza kupiga mluzi.

Wote waliowahi kupanda boti ya watalii wanaujua huo mluzi. Daivmasta, yule anayewaongoza kwenye mbizi, anafungua vali, tssss, anafunga, anatoa oringi ya zamani na kijiti, anaweka mpya, maisha yanaendelea. Juu ya boti ni mchezo. Ikitokea ukiwa mita 25 chini si mchezo, ingawa mara nyingi inaanza kama vipovu vidogo nyuma ya shingo, mwenzako anaviona, mnapanda taratibu na mbizi imeishia hapo. Ndio sababu watu wa mapangoni na watu wa kuingia ndani ya meli walihamia DIN kitambo. Huko hakuna kupanda juu moja kwa moja, na fremu ya yoki ikigonga dari ama ikinaswa na kamba una shida mbili kwa wakati mmoja.

Lakini usichukue hii habari ukaifanya kubwa kuliko ilivyo. Mamilioni ya mbizi zimepigwa na yoki na watu wakarudi kula samaki jioni. Oringi nzima, uso wa vali safi, umekaza vizuri kwa vidole, yoki inafanya kazi yake.

Presha, hoja ambayo huku kwetu haina uzito

Utasikia yoki mwisho wake ni bar 232, DIN inafika 300. Ni kweli. Sasa angalia mitungi unayopewa Pwani: mingi ya boti za watalii ni ile ya alumini, na ile maarufu kabisa duniani, ya lita 11.1, presha yake ya kazi ni bar 207. Yoki iko chini ya mpaka wake na nafasi imebaki. Kwa hivyo kama sababu yako ya kutaka DIN ni bar 300, itakuwa kama hujanunua chochote, manake hakuna mtu anakujazia bar 300 uende kuangalia kasa. Mitungi ya chuma ya bar 300 ipo, ila ni stori za watu wa Ulaya na watu wa mbizi za kiufundi.

Midomo ya vali utakayokutana nayo

Kuna nne, na ukishaziona mara moja huzisahau.

Ya kwanza ni ya yoki tupu: uso bapa, katikati tundu dogo, linazungukwa na oringi. DIN yako haiingii hapa bila adapta.

Ya pili ni ya DIN ya bar 232: tundu pana lenye thredi ndani, unaweza kuhesabu tano hivi. Ya tatu ni ya DIN ya bar 300, inafanana na hiyo ila ni ndefu zaidi, thredi saba. Hapa kuna ujanja mzuri wa mainjinia: regulata ya bar 300 inaingia kwa vali zote mbili, lakini ile fupi ya bar 232 ukiiweka kwa vali ya bar 300 haifiki mwisho, oringi haigusi kitako, ukifungua hewa inavuja yote. Imefanywa hivyo makusudi, isije regulata ya presha ndogo ikakaa kwa mtungi wa presha kubwa.

Ya nne ndio muhimu kwetu, inaitwa vali ya pro. Ni vali ya DIN ya bar 232 iliyowekwa kipande cha chuma ndani yake chenye tundu la pembe sita. Kipande kikiwa ndani, vali ni ya yoki. Ukikitoa kwa alenki, nyingi zinachukua ya milimita 8, vali inageuka ya DIN. Angalia tu lile tundu la katikati, likiwa la pembe sita badala ya duara, uko na vali ya pro na maisha yako ni rahisi. Wamisri wa Bahari ya Shamu wanazitumia sana kwa sababu wanapokea Wajerumani na Wamarekani kwa boti moja. Pwani yetu na Zanzibar utakutana na mchanganyiko, kituo hiki wako na pro, kile cha jirani wako na yoki tupu, na ndani ya kituo kimoja mitungi ya miaka tofauti inaweza kuwa tofauti. Usikisie, uliza.

Kingine, kile kipande kinalinda vali. Kikitolewa kikaachwa nje, mtungi ukaanguka ukapiga mdomo, lile tundu pana linaweza kupinda kidogo lisiwe duara tena na hapo hakuna DIN itaingia. Ukimaliza kutumia, rudishia watu kipande chao.

Namba moja: DIN ya bar 300 na adapta ya yoki

Hii ndio napendekeza kwa yeyote anayenunua mpya na pesa si ya kukopa. Inaingia kwa vali ya DIN fupi, inaingia kwa ndefu, inaingia kwa pro, na ukifunga adapta inaingia kwa yoki tupu. Hakuna boti itakuacha ufuoni.

Faida ya pili watu hawaisemi sana lakini kwetu sisi wa kupanda ndege ndogo pale Wilson kwenda Ukunda ina maana: DIN ni nyepesi na ni ndogo. Fremu ya yoki ni chuma kizito, na kwa modeli nyingi tofauti ni kama gramu 200. Unaweza kusema gramu 200 ni nini, mpaka siku umesimama mbele ya mizani na begi limepita kilo ulizopewa.

Adapta zenyewe zinaanzia kama dola hamsini hivi kwa zile za majina yanayojulikana. Usinunue ile ya bei ya kutupa isiyoandikwa presha yake, hicho ni chuma kinachobeba bar 200 nyuma ya kichwa chako. Itafute iliyopigwa muhuri wa bar 232 na inayotoka kwa kampuni ya vifaa vya mbizi inayojulikana, Scubapro, Apeks, Mares, Cressi, wote wanazo.

Kasoro ziko mbili. Adapta inarefusha, stej ya kwanza inasogea karibu na kichwa, na ukiwa unaangalia juu unaweza kujigonga kisogo, hasa kama mtungi umefungwa juu sana kwa BCD, ile jaketi ya kuelea inayobeba mtungi. Ya pili nimeshaigusa juu lakini niiseme waziwazi kwa sababu wauzaji hawaisemi: ukiweka adapta, ile faida ya oringi yako mwenyewe imeenda. Umerudi kutegemea oringi ya mtungi wa kituo, na umeongeza kiungo kimoja cha ziada cha kuangaliwa. DIN kwa adapta ni sawa tu na yoki, ila ndefu. Kwa hivyo ukifika mahali wako na vali za pro, usiwe mvivu, omba kipande kitolewe mapema, kabla vifaa havijapakiwa kwa boti, sio wakati kapteni ameshawasha injini na kila mtu anakuangalia wewe na alenki yako. Na hiyo alenki nunua yako, ni pesa kidogo hardware yoyote.

Kuzoea DIN kunachukua muda kidogo. Inazungushwa mara kadhaa badala ya kukazwa mara moja, na kama mchanga umeingia kwa thredi inakwama. Weka kifuniko chake kila mara, na usilazimishe. Ikianza kukataa, itoe, futa, anza upya ikiwa imenyooka. Kukaza ni kwa vidole, spana haina kazi hapa.

Namba mbili: yoki, lakini ya modeli inayobadilika

Kama bajeti imebana ama umepata ofa nzuri ya yoki, chukua, lakini chagua modeli ambayo mtengenezaji anauza seti ya vipande vya kuigeuza kuwa DIN. Nyingi za makampuni makubwa zinageuzwa. Fundi anatoa fremu yote, anaweka kipande cha DIN cha modeli hiyohiyo, anakaza kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kitabu cha kiwanda, kwisha. Gharama iko karibu na ya adapta au juu kidogo, ukiongeza kazi ya fundi. Niseme tu, hii si kazi ya kupeleka kwa fundi wa pampu hapo mtaani hata kama ana mikono mizuri aje, anahitaji vifaa vya modeli hiyo na awe amesomea.

Kwa mtu wa likizo, yoki ina raha yake. Wafanyakazi wa boti wameizoea, wanaifunga wamefumba macho. Oringi ikiharibika wako na mfuko mzima. Ukiazima mtungi kwa rafiki kuna uwezekano mkubwa ni wa yoki. Ukiwa na yoki kwa Kisite, kwa Watamu, hata kwa kuizunguka kwa nje ile meli ya Dania iliyozamishwa karibu na Mombasa mwaka 2002, hukosi kitu.

Kitu kimoja tu, vali za pro ni nene kuliko vali za zamani za yoki, na kuna fremu za zamani ambazo ni nyembamba haziwezi kuzivuka. Kama unanunua ya mitumba jaribu kwanza.

Na ubebe oringi zako. Saizi ya mtungi wa yoki ni 014 kwa namba za AS568, ya DIN ni 112. Ni saizi za kawaida za viwandani, jaribu maduka ya oringi na sili ya Industrial Area ama Kirinyaga Road, ukipeleka namba watakuelewa haraka kuliko ukieleza ni ya nini, na kwa ile ya mtungi omba ile ngumu ya 90. Usipake grisi ya gari. Silikoni kidogo sana ikihitajika, na kama utatumia nitroksi, yaani hewa iliyoongezwa oksijeni, na oksijeni yenyewe ni nyingi, basi hata silikoni haifai, kuna grisi yake maalum.

Namba tatu: DIN fupi ya zamani ya bar 232

Hizi unazipata kwa mkono wa pili, hasa vitu vilivyotoka Ulaya na wageni waliohama. Kwa mitungi ya huku inafanya kazi, inakaa kwa pro, inachukua adapta ya yoki. Ila siku utakutana na vali ya bar 300 utabaki unaiangalia. Hesabu thredi kabla ya kulipa. Kama bei ni nzuri sana na modeli bado inatengenezewa spea, sawa, na nyingi zinaweza kuwekewa kile kipande kirefu. Kama spea zimeisha, hiyo ni pambo.

Namba nne: yoki na adapta ya kuingia DIN

Iko, ni kipande kinachoskrubiwa ndani ya vali ya DIN ili yoki ikae juu yake. Kwa kifupi ni kile kipande cha vali ya pro unachobeba mwenyewe. Inasaidia safari moja ya ghafla mahali pa DIN tupu, lakini haiwezi kukupeleka kwa bar 300, na kwa vali nyingi za bar 300 haikai kabisa. Kama unajua utakuwa unapiga mbizi Ujerumani kila mwaka kwa sababu shangazi yako anaishi huko, geuza regulata yote iwe DIN, achana na vipandevipande.

Ya mwisho: M26

Hii ndio niliyosema usiguse. Ulaya walipitisha kiwango cha EN 144-3, kikasema vifaa vya hewa iliyoongezwa oksijeni viwe na mdomo wao wa peke yake, M26, ili mtu asichanganye na hewa ya kawaida. Wazo halikuwa baya. Tatizo ni kwamba dunia nzima iliyobaki inatumia DIN ya kawaida na yoki hata kwa nitroksi, kwa hivyo regulata ya M26 ukiileta Mombasa haina pa kukaa. Inafanana na DIN kwa picha, ni nene kidogo tu, na ndio maana unaiona mtandaoni kwa bei ya kushangaza na muuzaji ameandika tu "DIN, nitroksi". Uliza kipenyo. Akijibu milimita 26, mwambie asante. Ya DIN ya kawaida ni kama milimita 23 ukipima kwa nje ya thredi.

Ukienda kuangalia ya mkono wa pili

Watu wanahama Nairobi kila mwaka na wanauza vitu, na regulata nzuri inaweza kukupita ukiwa unasubiri kuagiza mpya, ambayo ikifika JKIA inaongezewa ushuru na VAT ya asilimia 16 juu yake. Lakini angalia.

Chujio lile dogo kwenye mdomo wa stej ya kwanza, linaonekana ukichungulia, linafaa kuwa la rangi ya fedha. Kijani maana yake maji ya chumvi yaliingia na ndani kumeliwa. Nyekundu ya kutu inamaanisha ilikaa kwa mtungi wa chuma ulioota kutu ndani, pia usichukue. Kwa yoki, angalia ncha ya skrubu ya nyuma kama imechakaa upande mmoja na fremu kama imepinda. Kwa DIN, pitisha kidole kwa thredi, ukisikia meno mahali fulani, iligongwa. Muulize serivisi ya mwisho ilifanywa lini na risiti iko wapi, makampuni mengi yanataka kila mwaka mmoja au miwili kulingana na modeli, na serivisi yenyewe inaweza kula nusu ya ile bei poa uliyofurahia. Ulizia pia spea za modeli hiyo zinapatikana kwa fundi gani wa Pwani, kabla hujatuma pesa kwa M-Pesa, sio baada.

Na kama kuna mtungi pia kwa hiyo ofa, simama kidogo. Vali inaingia kwa shingo ya mtungi kwa thredi zake zingine kabisa, kuna za milimita, M25, na kuna za inchi, robo tatu, na zinakaribiana kiasi kwamba vali ya moja inaweza kuonekana imekaa kwa shingo ya ingine. Haijakaa. Ikijazwa inaweza kuruka, na watu wameumia na kufa duniani kwa hilo. Mtungi ambao haujulikani vali yake ilibadilishwa na nani, na hauna alama ya kupimwa presha kwa maji ndani ya miaka mitano, muachie. Wewe unakodisha mitungi Pwani, wa nini nyumbani Kilimani.

Kitu kingine hakihusu vali lakini kinahusu sisi watu wa huku juu. Nairobi iko karibu mita 1,700 na ushei kutoka usawa wa bahari. Kuendesha gari kupanda huku jioni baada ya mbizi ya mchana ni sawa na kupanda ndege mapema, hata kama hujapanda. Zile saa 12 baada ya mbizi moja na 18 baada ya mbizi zaidi ya moja kwa siku ama za siku kadhaa, ambazo DAN, shirika la usalama wa wapiga mbizi, linapendekeza kama muda mfupi kabisa kabla ya kuruka, zihesabie na SGR na barabara pia. Panga mbizi zako za mwisho Jumamosi, Jumapili kula biriani.

Ujumbe wa kutuma kwanza

Kabla ya kununua chochote, fikiria vituo viwili vitatu unavyoenda kweli, sio vile unaota kwenda, uwatumie WhatsApp. Waulize: vali zenu ni yoki tupu ama pro? Kama ni pro, ni mitungi yote ama michache, na mnaweza kunitengea yangu kipande kikiwa kimetolewa? Kuna adapta ya kuazima? Wakijibu tu "ndio tuko na DIN", omba picha ya mdomo wa vali, manake mpokea simu wa ofisini anaweza kuwa hajawahi kuinama kuangalia mtungi. Ukiona tundu la pembe sita, nunua DIN bila wasiwasi. Ukiona uso bapa kwa vituo vyote unavyoenda na huna mpango wa kwenda mbali, nunua yoki inayobadilika, na ile pesa umebakisha weka kwa kompyuta ya mbizi, ambayo kama bado unaazima ya watu ilifaa uinunue kabla ya regulata.

Msimu wa kaskazi unaanza kama Novemba, bahari inatulia na maji yanakuwa masafi. Kuagiza, ushuru na fundi wa kuikagua vinaweza kula wiki kadhaa, kwa hivyo ukitaka iwe tayari Desemba anza kuuliza Septemba.